Shingo ya Mtu na Shingo ya Nchi

1. Neno lililofika nusu

Siku moja bibi kizee mmoja aliteleza uani penye matope, akaanguka kwa ubavu, asiweze kuinuka tena. Watu wakamlaza juu ya kitanda, wakamchukua mpaka hospitali, mwendo wa saa mbili kutoka kijijini. Binti yake alifuatana naye, na pamoja nao mjukuu wake, kijana wa miaka 12.

Tabibu alimtazama mgonjwa, kisha akamwita kijana, akamwambia, "Bibi yako amevunjika shingo ya mfupa wa paja. Tutamtengeneza, lakini atalala hapa siku nyingi. Nenda nyumbani upesi ukawaambie wazee walete mto, blanketi, na nguo za kubadili. Mama yako atabaki kumwuguza."

Kijana akashika njia mbio. Alitaka kuwa mjumbe mwema, kwa hiyo alikariri maneno yale njiani. Lakini njia ilikuwa ndefu, mvua ikamnyeshea, na kijito kilikuwa kimejaa, akakawia akitafuta pa kuvukia. Kila alipokariri, maneno yalipungua. Alipofika kwao, akitweta kwa uchovu, alimwona babu yake ameketi barazani pamoja na jirani, akasema, "Shikamoo babu. Bibi amevunjika shingo."

Mara kilio kikaanza. Mtu aliyevunjika shingo, nani asiyejua mwisho wake? Wanawake walitoka majumbani mikono kichwani. Vijana wawili wakatumwa ng'ambo ya kijito kuwapasha jamaa habari ya msiba. Mzee mmoja akauliza majembe yako wapi.

Babu peke yake hakulia. Alimvuta kijana karibu, akamwuliza taratibu, "Mjukuu wangu, tabibu alisema hayo tu? Nyuma ya neno hilo hapakuwa na neno jingine?"

Kijana akafumba macho, akafikiri. "Palikuwa na neno, babu. Alisema shingo ya mfupa wa paja. Tena alisema mpeleke mto, na blanketi, na nguo za kubadili."

Babu akasimama. "Nyamazeni!" akasema. "Maiti hahitaji nguo za kubadili. Mke wangu yu hai."

Watu wakanyamaza, lakini wakatazamana, wakaulizana, "Je, paja nalo lina shingo?"

Swali lao lilikuwa jema, na jibu lake ni somo hili.

2. Shingo ya mwili

Tia mkono wako shingoni. Hapo chini ya kiganja chako ni mahali pembamba, upana wake haufiki hata nusu ya upana wa mabega. Juu yake kuna kichwa, ambacho kwa mtu mzima uzito wake ni ratili 10 hivi. Chini yake kuna kiwiliwili chote. Vitu hivi viwili vikubwa vimeunganishwa na kitu kimoja chembamba.

Sasa fikiri ni mambo mangapi yanayopita hapo. Mbele kuna bomba la pumzi, na nyuma yake bomba la chakula. Kila pumzi uivutayo, na kila tonge uilayo, hupita shingoni. Ubavuni, huku na huku, ipo mishipa mikubwa ya damu. Ukibonyeza kidogo kwa ncha za vidole utaisikia ikipiga. Damu hiyo ndiyo inayoulisha ubongo, nao ukikosa damu kwa dakika chache tu huharibika, wala hauponi tena.

Nyuma kuna mifupa. Uti wa mgongo umefanywa kwa pingili nyingi zilizopangwa moja juu ya nyingine, na pingili za shingo ni 7. Jambo la ajabu ni kwamba karibu wanyama wote wanyonyeshao wana idadi hiyo hiyo. Panya ana pingili 7, ng'ombe ana 7, na twiga, ambaye shingo yake yapita urefu wa mtu, naye ana 7 tu. Tofauti ni kwamba pingili moja ya shingo ya twiga hupata urefu wa inchi 10 au zaidi.

Ndani ya pingili hizo imepita kamba nene ya mishipa ya fahamu itokayo katika ubongo. Kwa njia ya kamba hiyo ubongo huamuru mikono ifanye kazi na miguu iende. Na kwa njia hiyo hiyo kidole kilichochomwa na mwiba hupeleka habari juu. Kamba hii ikikatika shingoni, amri hazishuki wala habari hazipandi. Mtu aweza kufa mara moja, au kuishi asiweze kuinua mkono wala mguu.

Kwa sababu hiyo, mtu akianguka kutoka juu ya mwembe au mnazi, naye alalamika maumivu ya shingo, asiinuliwe kwa haraka wala asiketishwe. Watu wengi wenye huruma wamezidisha majeraha ya rafiki zao kwa kuwainua ovyo. Mwacheni alale alipo, mmoja ashike kichwa chake kwa mikono miwili kisitikisike, na mwingine akimbie kumwita mtu wa hospitali. Ikiwa lazima kumchukua, alazwe juu ya ubao ulionyoka, na kichwa, shingo na kiwiliwili viende pamoja kama gogo moja.

3. Shingo nyingine katika mwili

Lakini mwili una shingo nyingine pia. Mfupa wa paja ni mrefu kupita mifupa yote ya mtu. Ncha yake ya juu ni ya mviringo kama mpira mdogo, nayo hukaa katika kikombe cha mfupa wa nyonga. Ndiyo maana mguu waweza kuzunguka. Mpira ule huitwa kichwa cha mfupa. Chini ya kichwa mfupa hupunguka na kuwa mwembamba kabla ya kuungana na mti wa mfupa ulio mnene. Mahali hapo pembamba waganga hupaita shingo. Mifupa ya wazee hupungua nguvu, hasa ya wanawake wazee, na mzee akianguka kwa ubavu, mara nyingi mfupa huvunjika hapo. Zamani aliyevunjika hivyo aghalabu hakutembea tena. Siku hizi, akifikishwa hospitali mapema, waganga huweza kuuunga mfupa kwa chuma, au kumtilia kichwa cha mfupa kilichotengenezwa kwa chuma, naye akatembea.

Jino nalo lina shingo, ni pale linapoingia katika ufizi. Hata vyombo vya nyumbani vina shingo: mtungi, chupa na kibuyu. Mahali pote ni sura ile ile: pana, kisha pembamba, kisha pana tena.

Zaidi ya hayo, ndani ya shingo yenyewe kuna kiungo chenye shingo yake. Mbele ya bomba la pumzi, chini kidogo ya kidoto cha koo, kuna tezi yenye umbo la kipepeo. Ina mabawa mawili, moja kila upande, na katikati mabawa hayo yameunganishwa na kipande chembamba. Kazi ya tezi hiyo ni kutia katika damu dawa ya asili inayouongoza mwili: jinsi mtoto atakavyokua, na jinsi mwili utakavyotumia chakula chake. Ili ifanye kazi, tezi yataka madini joto, yaitwayo iodini. Madini hayo yamo kwa wingi katika samaki wa baharini, lakini katika nchi nyingi za milimani mvua za miaka mingi zimeyaosha katika udongo. Mtu akiyakosa, tezi hujitahidi, huvimba, na uvimbe huo huitwa rovu. Mama mwenye mimba akiyakosa sana, mtoto aweza kuzaliwa na akili dhaifu. Watu wa kale walidhani rovu ni uchawi. Dawa yake ya kuzuia ni nyepesi: chumvi iliyotiwa madini joto, kidogo kila siku katika chakula cha watu wote.

Sasa sikiliza jina la kile kipande chembamba kinachounganisha mabawa mawili ya tezi. Waganga wa dunia nzima hukiita kwa neno la Kigiriki, isthimosi. Na mwalimu wa jiografia akilisikia neno hilo atashangaa, kwa maana ni lake pia. Kwake yeye isthimosi si kipande cha nyama. Ni nchi nyembamba iliyo kati ya bahari mbili. Kiswahili huiita shingo ya nchi.

4. Shingo ya nchi

Wagiriki wa kale ndio waliolitoa neno hilo. Katika nchi yao kuna sehemu kubwa ya kusini, iitwayo Peloponnese, ambayo ingekuwa kisiwa kama isingeshikwa na ukanda mwembamba wa ardhi karibu na mji wa Corinth. Ukanda huo upana wake ni maili 4 hivi. Merikebu zilizotaka kutoka bahari moja kwenda ya pili zilipaswa kuizunguka Peloponnese yote, njia ya upepo mkali na miamba. Kwa hiyo Wagiriki walitengeneza barabara ya mawe, wakavuta merikebu nchi kavu kutoka maji mpaka maji. Katika mwaka 67 Kaisari Nero wa Rumi alianza kuchimba mfereji mahali hapo, lakini kazi ikaachwa. Mfereji ulimalizika katika mwaka 1893, zaidi ya miaka 1,800 baadaye.

Huko mashariki ya Afrika pia ziko shingo za nchi ndogo. Mji Mkongwe wa Unguja ulijengwa juu ya ardhi iliyokaribia kuzungukwa na maji: upande mmoja bahari kuu, upande wa pili hori. Ardhi hiyo iliungana na kisiwa kwa shingo nyembamba palipo na uwanja wa Mnazi Mmoja. Hori lenyewe lilivukwa kwa daraja. Baadaye hori lilifukiwa, na leo watu hupita hapo kwa miguu bila kuona maji. Lakini jina la Darajani limebaki kuwa shahidi.

Shingo za nchi zilizo mashuhuri kupita zote ni mbili: Suez na Panama.

Shingo ya Suez yaunganisha Afrika na Asia. Kaskazini yake ni Bahari ya Mediterania, na kusini ni Bahari ya Sham. Kati ya bahari hizo palikuwa na mchanga upatao maili 75. Kwa ajili ya mchanga huo, merikebu iliyotoka London kwenda Bombay ilibidi kuizunguka Afrika nzima, ikipita Rasi ya Tumaini Jema. Mfaransa mmoja, Ferdinand de Lesseps, alipata ruhusa ya mtawala wa Misri, na kazi ya kuchimba ikaanza katika mwaka 1859. Miaka ya kwanza wakulima wa Misri walitolewa mashambani mwao kwa nguvu, maelfu kwa maelfu, wakachimba kwa majembe na kuchukua mchanga kwa vikapu. Wengi walifia huko. Baadaye mashine zilishika mahali pao. Mfereji ulifunguliwa tarehe 17 Novemba 1869, na safari ya London na Bombay ikapunguka kwa zaidi ya maili 4,000.

Pwani ya Afrika ya Mashariki nayo ilibadilika. Tangu zamani Unguja na Mombasa ziliishi kwa majahazi yaliyongoja kaskazi na kusi. Baada ya shingo ya Suez kukatwa, njia ya merikebu za moshi kutoka Ulaya ilikuwa fupi, na katika mwaka 1872 merikebu za barua zilianza kufika Unguja kwa zamu. Wakaja wafanya biashara, wasafiri, wamisionari, na baadaye askari na watawala. Mchanga uliochimbwa mbali sana huko Misri uligeuza maisha ya watu ambao hawajapata kuuona.

Panama ni shingo inayounganisha Amerika ya Kaskazini na Amerika ya Kusini. Mahali pake pembamba kabisa upana wake ni maili 30 hivi, na bahari zilizo pande zote mbili ni Atlantiki na Pasifiki. Lesseps alidhani kwamba aliyeishinda Suez ataishinda na Panama. Kazi ikaanza katika mwaka 1881. Lakini Suez ilikuwa mchanga na nchi tambarare. Panama ilikuwa milima, misitu, mvua na mto wenye mafuriko. Tena palikuwa na adui mdogo, mbu. Homa ya manjano na malaria ziliua watu bila kukoma, nao wengi wao walikuwa watu weusi waliotoka visiwa vya Karibi kutafuta mshahara. Inakadiriwa kwamba watu 20,000 au zaidi walikufa. Katika mwaka 1889 fedha zilikwisha, na kazi ikasimama.

Wamarekani waliishika kazi hiyo katika mwaka 1904. Wakati huo wenye elimu walikuwa wamekwisha kuthibitisha kwamba homa hizo zaletwa na mbu. Tabibu William Gorgas hakuanza na jembe. Alianza na madimbwi. Aliyakausha, akayamwagia mafuta, akafunika mapipa ya maji, akatia wavu madirishani. Homa ya manjano ikatoweka, na malaria ikapungua sana, ijapokuwa ajali na magonjwa viliendelea kuua maelfu. Badala ya kukata milima mpaka usawa wa bahari, walilizuia maji ya mto yakawa ziwa kubwa juu ya milima, wakajenga vyumba vya maji vyenye malango makubwa. Merikebu huingia katika chumba, lango hufungwa, maji hutiwa, nayo huinuka. Hivyo hupanda chumba baada ya chumba mpaka futi 85 juu ya bahari, huvuka ziwa, kisha hushushwa upande wa pili. Mfereji huo, ambao urefu wake ni maili 50 hivi, ulifunguliwa tarehe 15 Agosti 1914.

5. Penye wembamba pana hatari

Mwanafunzi mwenye akili atauliza: kwa nini watu wa mataifa mengi, waganga na mabaharia, walitumia neno moja kwa vitu vilivyo mbalimbali hivi? Je, walikosa maneno?

Hawakukosa. Waliona sura, na waliona kazi. Sura ya shingo ni wembamba kati ya vitu viwili vipana. Kazi ya shingo ni kuunganisha, na kupitisha. Nchi haina damu wala pumzi, lakini watu, wanyama na bidhaa hupita juu ya shingo ya nchi. Na ikikatwa mfereji, merikebu hupita ndani yake. Na kama ilivyo katika mwili, mahali pembamba pakizibwa, madhara yake huenea mbali.

Jambo hili limeonekana wazi. Katika mwaka 1956 rais wa Misri, Gamal Abdel Nasser, aliutangaza Mfereji wa Suez kuwa mali ya taifa la Misri, na vita vikatokea kwa ajili yake. Katika mwaka 1967 vita vingine viliufunga, ukabaki umefungwa mpaka Juni 1975. Miaka 8 merikebu zikarudia njia ya zamani ya kuizunguka Afrika. Katika Machi 2021 merikebu moja tu, jina lake Ever Given, yenye urefu wa futi 1,300 hivi, iligeuka kwa mshazari ndani ya mfereji na kukwama kwa siku 6. Merikebu zaidi ya 300 zilipanga foleni zikingoja. Ilikuwa kama mtu aliyekwamwa na mfupa wa samaki: mfupa ni mdogo, lakini mwili wote hutaabika. Panama nayo, katika mwaka 2023, ilipungukiwa na mvua. Maji ya ziwa yakashuka, na merikebu zilizoruhusiwa kupita kila siku zikapunguzwa.

Kiswahili kimeazima maneno mengine ya mwili kwa ajili ya nchi. Mto una mdomo, pale unapomwaga maji yake baharini. Bahari ina mkono, pale inapoingia ndani ya nchi. Mlima una mgongo. Na neno rasi, ambalo ni nchi iliyochomoza baharini, asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kichwa. Maneno haya ni kama taa zilizowashwa na watu waliotutangulia: atazamaye neno vizuri huona kitu chenyewe.

Lakini neno lenye maana nyingi lataka uangalifu. Shingo peke yake yaweza kuwa ya mtu, ya paja, ya chupa au ya nchi. Mwenye kufanya jambo kwa shingo upande hakugeuza mwili. Ni moyo wake usiotaka. Mwenye shingo ngumu hana ugonjwa wa mifupa, ni mkaidi. Kinachoonyesha maana ni maneno yanayofuatana na neno hilo. Neno ni kama mgeni aliyekuja na jamaa zake. Ukimkaribisha peke yake, na jamaa zake ukawaacha nje, hutajua ametoka wapi wala amefuata nini.

6. Mwisho wa habari ya kijana

Jioni ile vijana wengine wawili walitumwa mbio kuwafuata wale wa kwanza, ili kuirudisha habari ya msiba. Waliwakuta shangazi wawili wamekwisha kujifunga vitambaa vya kilio. Asubuhi yake babu na kijana walikwenda hospitali pamoja, wamechukua mto, blanketi na nguo.

Bibi alikuwa amelala chali, mguu wake umefungwa, lakini macho yake yalikuwa maangavu. Binti yake alikuwa amekwisha kusikia habari ya kilio cha jana, akamweleza. Kijana alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia.

"Njoo hapa, mume wangu," bibi akamwita. Kijana akaja, akapiga magoti kando ya kitanda. Bibi akaushika mkono wake, akauweka juu ya shingo yake. "Iko nzima, au imevunjika?"

"Nzima, bibi," kijana akasema, na machozi yakamtoka.

"Basi usilie. Lakini siku nyingine ukipewa neno ulilete, lilete na mkia wake. Jana mlitaka kunizika kwa sababu ya maneno manne yaliyoanguka kijitoni."

Watu wote wodini walicheka, hata babu. Tangu siku hiyo kijana, akipewa ujumbe, hauchukui kabla hajaurudia mbele ya aliyemtuma, neno kwa neno.

Maswali

1. Tabibu alisema maneno gani, na kijana alifikisha yapi? Eleza tofauti ya maana.
2. Taja vitu vinne vinavyopita katika shingo ya mtu.
3. Kwa nini si vema kumwinua kwa haraka mtu aliyeumia shingo?
4. Twiga ana pingili ngapi za shingo, na kwa nini shingo yake ni ndefu kuliko yako?
5. Rovu huletwa na upungufu gani? Huzuiwaje?
6. Chora ramani ya Suez na ya Panama. Onyesha bahari zilizo pande zote mbili za kila shingo ya nchi.
7. Kwa nini kazi ya Panama ilikuwa ngumu kuliko ya Suez? Gorgas alianza na kazi gani, na kwa sababu gani?
8. Tunga sentensi tano zenye neno shingo, na katika kila sentensi neno hilo liwe na maana mbalimbali.